Safari Haikumvimbisha Mchungaji, Ilimpunguza

Kiangazi cha kaskazini kinaelekea ukingoni, na kama ilivyo ada, simu zimeanza kujaa vipande vya video vya wachungaji waliorudi safari. Mhusika unamjua hata kabla hujabonyeza. Ni Jumapili yake ya kwanza tangu arudi. Koti ni jipya, sauti imeshuka kidogo kana kwamba na koo nalo limegongwa muhuri uwanjani, na kabla hajafungua Biblia ameshasema "nilipokuwa kule" mara tatu. Katikati ya sentensi anasahau neno la lugha aliyozaliwa nayo. Anatazama dari akilitafuta, halafu analisema kwa lugha ya watu aliokaa nao wiki tatu. Anawaarifu waumini kwamba kule ibada huanza saa ileile iliyoandikwa mlangoni, na anavyolitamka jambo hilo ungedhani saa zilivumbuliwa wakati wa ziara yake. Watu wanacheka, wanasambaza, na chini ya video wanaandika yale yale: safari imempanda kichwani.

Nami hucheka. Ila hiyo hukumu ya mwisho naona imekosea, na imekosea kwa namna inayotufanya tusiuone ugonjwa wenyewe. Safari haikumpanda kichwani. Ilimshusha. Kwa wiki tatu mtu huyu hakuwa mtu yeyote: alipanga foleni, aliitwa kwa jina lake la kwanza na vijana wenye umri wa wanawe, alikaa kiti cha nyuma katika makanisa ambayo hakuna aliyegeuka kumtazama. Tunachokishuhudia mimbarini Jumapili ile ni mtu aliyepungua upepo anayejijaza haraka haraka ili arudie ukubwa wake wa zamani. Na pampu tumeishika sisi tulioketi mbele yake.

Tuanze na kinachochekesha, maana kina kanuni zake. Kanuni ya kwanza ni kwamba urefu wa simulizi haulingani na urefu wa safari, bali huenda kinyume chake. Aliyeishi ughaibuni miaka kumi na miwili, ukimuuliza habari za huko, atakutajia kodi ya nyumba na baridi kisha anyamaze. Aliyekaa siku kumi na saba amerudi na nadharia kamili ya ustaarabu. Kanuni ya pili: kila aliyekutana naye alikuwa mkubwa. Kuna "profesa mmoja mashuhuri", kuna "askofu mmoja wa ngazi za juu sana", lakini katika safari nzima hakuna dereva wala mhudumu aliyewahi kumwambia neno. Ya tatu ni habari ya salamu. Mahali fulani mwenyeji mwenye adabu alimwomba asimame awasalimie watu, akasimama, akasalimia, akaketi. Salamu hiyo ilipovuka bahari ilikuwa imekwisha kuwa "nilihudumu mbele ya mataifa". Kisha zipo picha: yeye mbele ya kanisa kuu la kale, mkono umeelekezwa kwenye mnara, kama mkandarasi aliyekuja kukabidhi jengo. Wapo pia wanaojua kwamba majivuno ya wazi hayapendezi, kwa hiyo huanza na "mimi si kitu, ni neema tu". Hao ndio hunichekesha zaidi, maana baada ya "si kitu" hufuata orodha ya viwanja vya ndege.

Hili si jambo la kizazi cha simu. Katika karne ya 4, askofu Gregori wa Nisa alikwenda Yerusalemu kwa shughuli za kanisa, akarudi na kuandika barua ambayo mpaka leo inawakera wenye mashirika ya hija. Alisema kuhama mahali hakumsogezi mtu karibu na Mungu, kwamba imani yake haikuongezeka wala kupungua kwa kuliona kaburi, na kwamba faida aliyoipata ni kuweza kulinganisha na kugundua kuwa mahali pa nyumbani ni patakatifu zaidi. Jerome, mtafsiri wa Biblia aliyekuwa amehamia Bethlehemu, alimwandikia rafiki yake Paulino kwamba la kusifiwa si kufika Yerusalemu, ni kuishi vema ukiwa Yerusalemu. (Ni kweli kwamba ni rahisi kusema hivyo ukiwa umeshafika na umekaa. Lakini amesema.) Mwaka 813 mtaguso, yaani mkutano wa viongozi wa kanisa, uliokutana Chalon, katika nchi ya Wafaranki, uliwakemea waziwazi mapadri na mashemasi wanaoishi ovyo wakidhani kuwa wakigusa tu vituo vya hija vya Roma au Tours wametakasika na wanastahili kuendelea na kazi yao. Mtaguso haukai kukemea jambo lisilotendeka. Ina maana zaidi ya miaka 1,200 iliyopita tayari palikuwa na kasisi anayerudi kutoka mbali akiidai heshima ambayo hakuweza kuipata kwa mwenendo wake nyumbani.

Ukitaka mfano wa karibu zaidi, mchukue T. De Witt Talmage wa Brooklyn, mmoja wa wahubiri waliosikilizwa sana Marekani katika karne ya 19, ambaye mahubiri yake yalichapishwa na magazeti mengi. Mwaka 1889, baada ya kanisa lake kuungua, alisafiri hadi Nchi Takatifu. Kanisa jipya lilipojengwa, lilitiwa ukutani mawe aliyoyaleta: kutoka Sinai, kutoka Kalvari, na kutoka kilima cha Areopago kule Athens alikohubiri Paulo. Inamkumbusha mtu Naamani wa Shamu, ambaye baada ya kupona ukoma aliomba udongo wa Israeli, mzigo wa baghala wawili, aupeleke kwao. Tofauti ni kwamba Naamani aliutaka udongo ili apate pa kupiga magoti, ilhali mawe ya Brooklyn yalikuwa ya kutazamwa. Jengo hilo nalo liliteketea mwaka 1894. Sasa, ni rahisi kumcheka Talmage. Ila jiulize ni nani aliyeyahitaji mawe yale. Yeye mwenyewe alishaiona Nchi Takatifu kwa macho yake. Waliohitaji jiwe ni maelfu waliojaa kwenye viti, ambao walitaka kuambiwa kwamba mtu wao amefika, na kwamba kwa kufika kwake wao nao wamefika kidogo.

Hapo ndipo ninapoona kiini kinaanza kujitokeza. Mwanaanthropolojia Mary Helms ameonyesha kwamba katika jamii nyingi umbali wa nchi huhesabiwa kama umbali wa kiroho: aliyekwenda mbali huchukuliwa kuwa amegusa kitu ambacho waliobaki hawakigusi, na anaporudi hurudi na mamlaka. Kama ni hivyo, kasisi anayerudi na hadithi hajabuni biashara mpya. Anaingia kwenye soko lililokuwapo, lenye wanunuzi wanaomsubiri mlangoni. Anaweza kuwa mchuuzi mwenye mbwembwe, lakini bidhaa isingekuwa na mnunuzi angeshaikunja zamani.

Kilichobadilika ni thamani ya bidhaa hiyo. Mwaka 1841 Thomas Cook, Mbatisti aliyekuwa akihubiri kuacha pombe, alikodi treni iwachukue watu mia kadhaa kutoka Leicester hadi Loughborough kwenye mkutano wa wapinga ulevi. Mwaka 1869 kampuni yake ilikuwa inawapeleka watalii Misri na Palestina. Nafurahishwa na ukweli kwamba safari ya kupangiwa, yenye ratiba na kiongozi, ilienezwa na mtu wa dini kwa ajili ya mambo ya dini, maana wazao wake ndio hawa tunaowacheka. Tangu hapo umbali umeendelea kushuka thamani. Leo muumini wa kiti cha mwisho ameshaliona lile kanisa kuu kwenye simu, ndani na nje, kwa picha nzuri kuliko aliyopiga mchungaji. Huenda ana dada yake anayefanya usafi mtaa wa pili kutoka hapo. Mchungaji analijua hilo, au analihisi. Ndiyo maana inambidi aongeze chumvi. Babu yake kwenye huduma alikuwa akirudi na kusema "nimeiona bahari", na hiyo ilitosha kwa mwaka mzima. Huyu wa sasa hawezi kuuza kuona, kwa sababu kila mtu ameona, kwa hiyo anauza kuonwa: nani alimpokea, nani alimpa mkono, nani aliuliza jina lake.

Lakini soko peke yake halielezi ile haraka iliyomo kwenye video, ule uchu wa kutaja. Kuna jambo lilimpata kule. Niliwahi kuwa katika msafara mmoja na mchungaji anayeheshimika sana kwao, mtu ambaye akiingia chumbani watu husimama bila kuambiwa. Katika kituo cha treni cha mji ambao hakuna aliyetujua, alisimama mbele ya mashine ya tiketi kwa dakika zisizopungua kumi. Alibonyeza, mashine ikakataa. Alibonyeza tena, ikarudi mwanzo. Nyuma yake foleni ilikuwa inaguna. Hatimaye mtoto wa kike wa miaka kama tisa, aliyekuwa na mama yake, alijipenyeza, akabonyeza mara nne, tiketi ikatoka. Mchungaji alimshukuru kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu aliyesahau jina lake mwenyewe kwa muda na ameanza kulikumbuka.

Fikiria maisha ya kawaida ya mtu huyo. Akiongea hakuna anayemkatiza. Akikosea hesabu ya aya, mzee wa kanisa anafunua kimyakimya ile aliyoikusudia. Vichekesho vyake huchekwa vyote, hata vile vilivyochekwa mwaka jana. Ana kiti chake, ana mlango wake, na kuna mtu kazi yake ni kumbebea Biblia hatua ishirini. Kwa miaka mingi hajapata zoezi la kuwa mtu wa kawaida, na jambo lisilofanyiwa zoezi hufa ganzi. Kisha ghafla anapandishwa ndege na kuteremshwa mahali ambapo cheo chake hakisomeki. Mhudumu wa uwanjani haoni mtumishi, anaona begi lililozidi uzito. Mwalimu akirudi safari atasimulia jinsi alivyopanda treni ya kwenda upande mwingine na kushtuka saa mbili baadaye, watu watacheka mpaka machozi, naye atacheka nao, na aibu itakuwa imekwisha. Mchungaji hana mahali pa kuitua aibu hiyo. Lugha ya simulizi aliyozoezwa ni ushuhuda, na ushuhuda una umbo lake: palikuwa na jaribu, pakawa na maombi, pakawa na ushindi. Treni ya upande mwingine haina ushindi. Kwa hiyo ama ataificha, ama ataigeuza mpaka iwe na ushindi, na katika kuigeuza ndipo anapozaliwa yule shujaa wa kuchekesha tunayemwona kwenye video.

Wapo watakaosema ninamtetea mtu anayekula sadaka za watu kwenye viwanja vya ndege. Hoja ya fedha ni nzito na siipuuzi. Palipo na waumini wanaojinyima ili kiongozi wao akapige picha na sanamu, pana jambo la kuhojiwa. Ila hilo ni suala la hesabu: nani aliidhinisha, kwa kazi gani, ripoti iko wapi. Halihusiani na maringo. Mtu mpole asiyesema neno kuhusu safari yake anaweza kuwa ndiye aliyetafuna zaidi, na yule mwenye makeke anaweza kuwa alilipiwa nauli na wenyeji wake mpaka senti ya mwisho. Tunapochanganya mambo haya mawili tunampa mwizi mpole njia ya kupita, maana sote macho yetu yapo kwenye koti jipya la mwenzake. Mbwembwe si ushahidi wa ubadhirifu, na ukimya si risiti.

Upande wa pili wapo wanaosema safari hupanua akili, na kiongozi ambaye hajatoka atawaongoza watu kama mtu anayetazama dunia kwa tundu la ufunguo. Nakubali, na historia inawaunga mkono. Mwaka 1863, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea Marekani, kanisa la Plymouth la Brooklyn lilimtuma mchungaji wake, Henry Ward Beecher, Ulaya akapumzike. Oktoba mwaka huo alijikuta amesimama mbele ya umati Manchester, Glasgow, Edinburgh, Liverpool na London akitetea upande wa Kaskazini na kuupinga utumwa. Alirudi nyumbani akiwa shujaa. Ziara hiyo huwa inatumiwa kama mfano wa safari ya mtumishi iliyozaa matunda, na ni mfano mzuri, lakini wanaoutumia husahau sehemu moja: alizomewa. Liverpool walimpigia kelele kiasi kwamba ilimbidi asubiri, aseme sentensi, asubiri tena. Kilichomkuza Beecher kule hakikuwa mandhari. Ni kwamba alikutana na watu waliomjibu. Kwa hiyo sipingi safari hata kidogo. Nauliza tu kama mtu wetu alijibiwa na yeyote tangu aondoke mpaka aliporudi, na kama alijibiwa, kwa nini sehemu hiyo haimo kwenye mahubiri.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayosemwa kwa sauti kubwa kuliko zote: kwamba kumcheka mtumishi ni kumgusa mpakwa mafuta, na Zaburi ya 105 imekataza. Ningeomba wanaoinukuu waisome kuanzia juu kidogo. Mistari inayotangulia inazungumzia watu wachache, wageni, wanaotangatanga toka taifa hadi taifa, toka ufalme hadi kwa watu wengine, na Mungu anawakemea wafalme kwa ajili yao. Onyo la kutowagusa limeelekezwa kwa wenye nguvu, na wanaolindwa ni wasafiri wasio na kitu. Kulichukua onyo hilo na kumkinga nalo mtu mwenye kipaza sauti dhidi ya muumini mwenye simu ni kulipindua andiko miguu juu. Tena Biblia yenyewe ina mfano wa kiongozi aliyerudi safari na kupokewa kwa maswali. Petro alipotoka kwa Kornelio na kupanda Yerusalemu, ndugu walimshika pale pale: umeingia kwa watu wasiotahiriwa, ukala nao. Matendo sura ya 11 haisemi aliwakumbusha yeye ni nani. Inasema alianza kuwaeleza kwa utaratibu, tangu mwanzo, na maelezo yake hayaachi lile la aibu, kwamba yeye mwenyewe alikataa mara tatu kabla ya kuelewa. Aliposema "nilikuwa nani mimi hata niweze kumpinga Mungu," haikuwa utangulizi wa orodha ya viwanja vya ndege.

Basi kama kucheka si dhambi, kwa nini nisiache watu wacheke? Mwanafalsafa Henri Bergson aliandika mwaka 1900 kwamba kicheko ni namna ya jamii kumrekebisha aliyekakamaa, na kwamba majivuno ndiyo kasoro ambayo kicheko hasa ni dawa yake. Naamini hivyo, kwa sharti kwamba dawa imfikie mgonjwa. Kicheko cha mtandaoni hakimfikii. Kinatoka kwa watu asiowajua, wa miji asiyofika, na mtu mwenye mimbari anajua la kufanya na kelele za mbali: anaziita vita. Jumapili inayofuata atahubiri kuhusu Yusufu na ndugu zake wenye wivu, na waumini watasema amina kwa nguvu zaidi. Kicheko kilichokusudiwa kumtoa upepo kimemwongezea. Wakati huohuo wale walio karibu, ambao neno lao moja la utani lingemrudisha duniani kabla ya chakula cha mchana, wamekaa kimya kwa heshima. Dunia nzima inamcheka isipokuwa watu kumi na watano ambao kicheko chao kingemsaidia.

Nimekuwa nikitafuta wasafiri wa dini waliorudi vizuri, na naona wengi wao wana tabia moja: walichelewa kusema, au walisema mpaka yale yasiyowapamba. Paulo anataja kunyakuliwa hadi mbingu ya tatu, safari ambayo hakuna wakala anayeiuza, na anaitaja baada ya miaka 14, kwa kulazimika, akijisema kama mtu mwingine na kuongeza kuwa aliyoyasikia hayatamkiki. Wetu amekwenda wiki tatu na hakuweza kusubiri hata matangazo yaishe. Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa, alikwenda Roma karibu na mwaka 1510 akiwa bado mtawa asiyejulikana, kwa shauri la shirika lake, akarudi kwenye kazi zake. Ilichukua miaka mingi kabla hajawa na la maana la kusema kuhusu alichokiona, na alipolisema hakujiweka upande wa wajanja: alikiri kwamba alikimbia kanisa hadi kanisa kama mtakatifu mwenye kichaa, akiamini kila alichoambiwa.

Nimpendaye zaidi ni Felix Fabri, mtawa wa Kidominiko kutoka Ulm. Alikwenda Yerusalemu mwaka 1480, akakaa siku chache tu, akarudi akiwa hajaridhika, na kwa kutoridhika huko akaenda tena mwaka 1483 na kufika hadi Sinai. Aliandika kitabu kinene kwa ajili ya ndugu zake wa monasteri ambao wasingeweza kusafiri. Humo hajifanyi mkubwa. Mna chawa, mna kichefuchefu cha bahari, mna ugomvi wa mahujaji kugombania nafasi ya kulala, mna maelezo marefu ya taabu ya kwenda haja usiku katika merikebu iliyojaa watu waliolala sakafuni. Baadaye akaandika kitabu kingine kwa ajili ya masista wa shirika lake, waliofungwa na nadhiri wasiweze kutoka, awaongoze siku kwa siku katika hija ya moyoni bila kuvuka kizingiti. Huyu alikwenda mbali kuliko wengi wa zama zake, akatumia umbali wake wote kuwafanya waliobaki wasijione wamebaki. Sijui kama ilikuwa tabia yake tu au mafunzo ya monasteri, ambako hata msomi hupewa zamu ya kufagia. Nadhani zamu ya kufagia ilisaidia.

Ndiyo maana siamini katika makatazo ya safari, wala katika video zaidi. Kazi iko nyumbani, na ni ndogo kiasi cha kuudhi. Mchungaji akirudi, atoe habari za safari akiwa ameketi kwenye kiti kama cha wengine, siku ya kawaida, na muda wa maswali uwe mrefu kuliko wa maelezo. Aulizwe alipotea wapi. Aulizwe nini hakukielewa, nani alimsaidia, jambo gani la huko lilimfanya aone jambo la kwetu kuwa bora. Mara moja kwa mwezi mtu mwingine ahubiri, naye aketi chini kati ya watu, asikie mahubiri ya wastani mpaka mwisho bila kutazama saa. Na nafasi ya safari ikipatikana, si lazima iwe yake daima. Apelekwe mpiga kinanda, apelekwe yule mama anayetunza funguo. Mtu aliyezoea kuwa mdogo kwake haogopi kuwa mdogo ugenini, na akirudi hana deni la kujilipa.

Nitaambiwa kwamba wachungaji hawatakubali. Nafikiri wengi wangekubali kwa afueni, maana ukubwa unaosimamiwa mchana na usiku unachosha. Watakaogoma ni sisi. Nani kati yetu hajawahi kuwaambia watu wa kanisa la jirani, kwa sauti ya kupitisha tu, kwamba mchungaji wetu yuko ng'ambo? Sentensi hiyo ina utamu wake, na utamu huo tunauonja sisi, yeye akiwa amekwama mbele ya mashine. Tukimrudisha na treni yake ya upande mwingine na begi lake lililozidi uzito, tumejipunguzia na sisi. Itabidi tuseme mchungaji wetu alikuwa ng'ambo na alipotea kama mtu mwingine yeyote, na jirani atauliza, sasa nini kipya.

Yule niliyesafiri naye alihubiri juu ya kituo kile Jumapili ya pili. Nilikuwepo, kiti cha nne kutoka mbele. Alisema alisimama katika kituo kikubwa cha treni katikati ya umati wa watu wenye haraka, na wenyeji wakakwama, hawajui la kufanya na mashine zao, naye akanyoosha mkono akaomba kimoyomoyo, na mlango ukafunguka. Kanisa zima lilisema amina. Aligeuka upande wangu kidogo aliposema hivyo, nikaona ule uso wa kituoni ukipita kwa sekunde moja, akingoja kuona nitafanya nini. Nikasema amina.